Macho ya kijivu kwa wazazi wenye macho meusi: yametoka wapi?

Swali: Assalamu aleikum. Niko Langoni, Lamu. Mimi na mume wangu, ambaye ni mtoto wa ami yangu, sote tuna macho meusi, na wazazi wetu wote vilevile. Watoto wetu watatu wa kwanza pia ni macho meusi. Huyu wa nne, binti wa miezi saba, ana macho ya kijivu yanayoelekea kijani. Nywele zake ni nyeusi na ngozi yake ni kama ya ndugu zake. Mama mkwe kila akimpakata huuliza, "Mato haya ni ya nani?" Yaweza kutokea kweli? Yatabadilika? Ni ugonjwa? Na akikua akazaa, watoto wake watakuwaje?

Jibu: Wa aleikum salaam, mama. Yaweza kutokea, na mama mkwe ajibiwe hivi: mato haya ni ya pande zote mbili. Rangi hii kwa kawaida haitokei mpaka baba atoe sehemu yake na mama atoe yake. Upande mmoja peke yake hautoshi. Kwa hiyo macho ya mtoto si ushahidi dhidi ya mama yake hata kidogo, na inaumiza kuona wanawake wakinyooshewa kidole kwa jambo kama hili.

Tuanze na jicho lenyewe. Mboni ni tundu jeusi la katikati. Rangi tunayoizungumzia iko kwenye duara linaloizunguka, nalo lina tabaka mbili. Tabaka la nyuma ni jeusi kwa karibu kila binadamu. La mbele ndilo linalotofautiana: likijaa melanini, yaani rangi asilia ya mwili inayotia giza, jicho huwa kahawia iliyokolea, ambayo sisi pwani huiita nyeusi. Melanini ikipungua, huja rangi ya asali, kisha kijani, kisha kijivu au samawati. Ndani ya jicho hakuna rangi ya samawati wala ya kijani iliyopakwa. Washa udi, kisha tazama moshi wake mwembamba ukipita mbele ya mlango mweusi: utauona una usamawati, ilhali moshi wenyewe hauna rangi hiyo. Ni mwanga unaotawanywa juu ya giza lililo nyuma yake. Macho ya binti yako hufanya kazi hiyohiyo, na melanini kidogo iliyopo ndiyo inayosogeza rangi kuelekea kijani.

Kiasi cha melanini hutawaliwa hasa na jeni mbili jirani, yaani maagizo ya urithi, zilizoko kwenye kromosomu ya 15 (moja ya nyuzi zinazobeba urithi), zinazoitwa OCA2 na HERC2. OCA2 hutengeneza protini inayorekebisha uchachu ndani ya vifuko vinavyopika melanini, na uchachu ukizidi kazi hudorora. Ndani ya HERC2 kuna sehemu ndogo inayofanya kazi kama swichi ya OCA2. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen waliifuatilia swichi hiyo mpaka kwenye herufi moja tu ya DNA, yaani maandishi ya urithi: ikiwa A, swichi huwaka na melanini humiminika, ikiwa G, OCA2 hufanya kazi kwa uvivu.

Kila mtu ana nakala mbili za swichi hii, moja ya baba na moja ya mama. A moja yatosha kulitia jicho giza. Ndiyo maana mtu mwenye A moja na G moja huwa na macho meusi kama jirani yake mwenye A mbili, na hakuna atakayejua kwa kumtazama.

Huenda wewe na mume wako nyote mko hivyo, A moja na G moja. Chukua sarafu mbili za shilingi 5, moja iwe ya baba na nyingine ya mama. Upande wa kifaru uwe A, na upande wa ngao ya taifa uwe G. Zirushe pamoja, maana kila mimba ni mrusho mmoja. Kifaru akitokea hata kwenye sarafu moja, macho ni meusi. Ngao mbili zikitokea pamoja, macho huwa mepesi, na hilo hutokea mara 1 kati ya 4. Wengi hukosea hapa, wakidhani kwamba kati ya watoto wanne lazima mmoja atoke hivyo. Sarafu haikumbuki mrusho uliopita. Kwa wazazi kama nyinyi, uwezekano wa watoto watatu wa kwanza wote kuwa na macho meusi ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, yaani 27 kati ya 64, kama asilimia 42. Kuwa na watatu wenye macho meusi kabla ya huyu si ajabu.

Kwamba mume wako ni mtoto wa ami yako ni jambo la kuzingatia. G inaweza kupita vizazi vingi ikiwa imefichwa chini ya A. Ikiwa wewe unayo, uwezekano wa binamu wa kwanza kuwa na nakala ileile kupitia babu na bibi yenu ni 1 kati ya 8. Katika mji ambao G ni chache, huo ni uwezekano mkubwa kuliko ungeolewa na mtu wa mbali.

Je, ilifikaje? G ni nadra sana kwa Waafrika wa asili, ipo kwa kiasi Mashariki ya Kati, na imejaa Ulaya kaskazini. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya Waswahili, ikiwemo Manda na Faza papa hapa visiwani Lamu. Wengi walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kwa mabibi, na sehemu kubwa ya iliyobaki kutoka Uajemi kwa mababu wa kiume, kwa mchanganyiko ulioanza kama mwaka 1000. Baadaye wakaongezeka Waarabu. Utafiti huo haukuhusu rangi ya macho, lakini unaonyesha jinsi herufi ya mbali inavyoweza kukaa kimya ndani ya nyumba za Lamu.

Hesabu hii ya sarafu ina mipaka yake. Utafiti wa mwaka 2021 uliopima karibu watu 195,000 ulikuta sehemu 61 za jenomu (DNA yote ya mtu) zinazogusa rangi ya macho. Hizo nyingine husogeza rangi huku na huku, na ndizo zinazofanya hata wazazi wawili wenye macho ya samawati, mara chache, wazae mtoto wa macho ya kahawia. Kwa sababu hiyo rangi ya macho haithibitishi baba wala haimkanushi. Kipimo cha DNA cha uzazi hulinganisha sehemu nyingine kabisa.

Kuhusu kubadilika: subirini. Melanini huendelea kuongezeka baada ya kuzaliwa, mabadiliko makubwa hutokea kabla ya mwaka mmoja, na mengine husogea polepole hadi miaka mitatu. Mpige picha mara moja kwa mwezi, saa ileile, dirisha lilelile, mchana, bila programu ya kurembesha. Taa ya usiku hudanganya. Jicho likibadilika, karibu kila mara huelekea kwenye giza.

Kuhusu ugonjwa, rangi yenyewe siyo ugonjwa. Zeruzeru wengi wa Afrika Mashariki wana hitilafu kwenye OCA2 ileile, lakini wao nywele na ngozi pia hupauka, macho huchezacheza, na mwanga huwasumbua. Ulivyoeleza, binti yako hayuko hivyo. Hata hivyo mkalishe barazani asubuhi umtazame vizuri. Mboni ziwe nyeusi zote mbili. Ukiona weupe ndani ya mboni, au kwenye picha ya flashi jicho moja likang'aa jeupe badala ya jekundu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa hiyo yaweza kuwa saratani ya jicho ambayo hutibika ikiwahiwa. Jicho linaloonekana kubwa kupita kiasi, lenye ukungu na linalotoa machozi, nalo halisubiri, maana ni dalili ya presha ya jicho. Na ikiwa macho ni ya samawati kali, au moja tofauti na jingine, au ana shungi jeupe kwenye nywele, apimwe masikio, kwa sababu kuna hali moja ya kurithi inayounganisha mambo hayo na uziwi.

Akikua, ikiwa macho yamebaki hivi, binti yako atakuwa na ngao pande zote mbili za sarafu yake. Kila mtoto atakayemzaa atapokea G moja kwake. Akiolewa na mwenye A mbili, watoto wote watakuwa na macho meusi, na kila mmoja ataificha G yake. Akiolewa na mwenye A moja, kila mimba ni nusu kwa nusu.