Damu kwenye mpira wa mkojo: punguza nguvu, usipunguze mara

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na kijana mmoja wa Kasulu. Ana mwezi mmoja tangu aanze kujiwekea mpira wa mkojo. Alikuwa ameona damu, akaogopa, akakaa tangu asubuhi hadi usiku bila kuuingiza tena, akisema anaipumzisha njia. Nilimwomba akate simu aende akatoe mkojo kwanza, tutaongea baadaye. Kosa hilo nalijua vizuri, kwa sababu nililifanya mimi.

Mwaka 2020, msimu wa mvua, nilianguka kutoka kwenye mchikichi nikikata mikungu, shambani nje kidogo ya Ujiji. Mgongo wa chini uliumia. Miguu ilirudi taratibu na sasa natembea kwa gongo moja. Kibofu hakikurudi. Kinajaa kama cha mtu yeyote, ila hakina nguvu ya kuusukuma mkojo wote nje. Kwa hiyo mara tano kwa siku naingiza mpira, mkojo unatoka, nauchomoa. Mpira wangu haubaki ndani kama ule wa wagonjwa wodini wenye mfuko pembeni.

Wiki ya tatu baada ya kutoka hospitali niliona damu kwenye ncha ya mpira. Kesho yake mkojo wenyewe ukawa na rangi ya juisi ya rosela. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nikapunguza kujiwekea kutoka mara tano hadi mbili, kisha nikapunguza na maji ya kunywa ili kibofu kisijae haraka. Siku ya tatu nilitetemeka kwa baridi saa saba mchana, katika jua la Kigoma mnalolijua. Maambukizi yalikuwa yamepanda hadi kwenye figo, nikalazwa siku sita.

Nesi aliyenihudumia alikaa kitandani kwangu akanieleza jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema. Damu kidogo siku za mwanzo hutokea kwa wengi, kwa sababu ngozi laini ya ndani ya njia ya mkojo haijazoea kuguswa. Lakini mkojo ukilala kibofuni, vijidudu huzaana humo. Na kibofu kikijaa kupita kiasi ukuta wake hutanuka, damu haiuzungukii vizuri, basi vijidudu hushika kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana kwa watu wazima hutakiwa kutoa mara nne hadi sita kwa siku, na isizidi kama mililita 400 au 500 kwa mara moja. Mimi napima kwa chupa ya maji ya nusu lita niliyoikata shingo. Nikiona inakaribia kujaa, najua nimechelewa.

Sasa, damu yangu ilitoka wapi? Kwanza ilikuwa nguvu. Mpira wa mwanaume hupita njia ya sentimita 20 hivi, na karibu na mwisho kuna msuli unaofunga mkojo. Mpira ukifika hapo husimama. Mimi nilidhani umekwama, nikawa nausukuma kama mtu anayefungua mlango ulioshika kutu. Pale ndipo nilipojichubua. Siku hizi nikihisi umesimama nami nasimama. Nauelekeza uume juu, kuelekea tumboni, ili kona ya njia inyooke. Navuta pumzi ndefu, natoa polepole, nakohoa kidogo, naendelea kuugusisha mpira bila kuushindilia. Msuli hulegea wenyewe. Kuna siku huchukua sekunde kumi, kuna siku dakika mbili. Ukikataa kabisa, nautoa, napumzika kama robo saa, najaribu kwa mpira mwingine. Usishindane nao.

Halafu jeli, ile ya kulainisha mpira uteleze. Hapa nitakaa kidogo, maana kwetu kila nyumba ina mawese, na ndugu yangu mmoja kwa nia njema aliniambia nipake mawese safi ya nyumbani, eti ni dawa. Tafadhali usipake mawese, wala mafuta ya nazi, wala mafuta ya mgando. Mafuta hayayeyuki kwenye mkojo, hubaki ndani na kubeba uchafu. Tafuta jeli inayoyeyuka kwenye maji, maduka makubwa ya dawa huwa nayo. Na usipake kwenye mpira tu. Kwa mwanaume jeli ikipakwa nje ya mpira pekee, nyingi hubaki mlangoni na sehemu ya ndani inapita kavu. Nesi alinifundisha kuisukuma kwanza ndani ya njia kwa bomba lisilo na sindano, kama mililita kumi. Ile yenye ganzi husaidia maumivu, lakini uisubiri dakika chache ifanye kazi. Tangu nianze hivyo damu ilipungua zaidi kuliko kwa jambo lingine lolote.

Kuna na ukubwa wa mpira. Nilipewa namba 16, nikaitumia miezi miwili bila kuuliza. Namba hiyo ukiigawa kwa tatu unapata unene kwa milimita: 12 ni milimita nne, 16 ni zaidi ya tano. Utaitambua kwa rangi ya kichwa chake, ule mwisho unaobaki nje: nyeupe ni 12, kijani ni 14, ya chungwa ni 16. Mimi nilibadilishiwa namba 12 na inanitosha. Usijibadilishie mwenyewe, muulize anayekuhudumia, lakini uliza.

Mipira hii imetengenezwa itumike mara moja. Najua bei yake, na najua wengi wetu tunaiosha na kuirudia. Sitamlaumu mtu kwa hilo. Ila ipitishe kati ya vidole kabla ya kuitumia: ikishakuwa ngumu, ya ukungu, au tundu zake za pembeni zikikwaruza, itupe. Osha mikono kwa sabuni kila mara, na mpira ukirudiwa uoshwe kwa sabuni, usuuzwe, ukauke kabisa kabla ya kufungiwa. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alionyesha kwamba usafi wa kawaida unatosha mtu kujiwekea mpira, si lazima vifaa vilivyochemshwa na glavu za chumba cha upasuaji. Nilipolijua hilo niliacha kuogopa choo cha nyumbani kwangu.

Jambo ambalo watu hawalitegemei ni choo kigumu. Kinyesi kikijaa hubana njia ya mkojo kwa nyuma, na mpira unapata shida kupita. Mapapai na maji yamenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Kwa akina mama, njia ni fupi, kama sentimita nne, na shida kubwa mwanzoni ni kuiona. Kioo kidogo husaidia, na mwanga.

Usikimbilie duka la dawa kununua sipro, dawa ya kuua vijidudu, kila unapoona damu. Vijidudu kuonekana kwenye kipimo bila homa wala maumivu, kwa sisi tunaotumia mpira, mara nyingi hakuhitaji dawa. Kipimo cha kuotesha mkojo ndicho huonyesha dawa inayofaa. Na kwa kuwa tunaishi ukanda wa kichocho, damu inayoendelea ichunguzwe na kwa hilo pia, isisingiziwe mpira tu.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona damu nyekundu nzito au mabonge, damu isiyoisha siku ya pili, homa na kutetemeka, maumivu ya ubavuni, au mpira kukataa kuingia huku kibofu kimejaa. Wanaotumia dawa za kuyeyusha damu wasisubiri hata siku moja. Na aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu, kichwa kikimgonga ghafla na jasho likamtoka, atoe mkojo mara moja na akimbizwe, kwa sababu presha yake inaweza kuwa inapanda vibaya.

Ukienda, usiutupe mpira ulioleta damu. Ufunge kwenye mfuko safi uende nao, pamoja na jeli unayotumia, wauone.