Kufundisha timu ya shirika la vijijini: tulikosea wapi na tulirekebisha vipi

Mkuu umeuliza kwa nini kila mkishamfundisha mtu anawakimbia, na kama si bora muajiri wahitimu wa chuo tu ambao tayari wanajua kazi. Nimekaa miaka 9 kwenye shirika linalohudumia watu maskini wa vijijini, 6 kati ya hiyo nikisimamia timu inayozunguka, kwahiyo najibu kwa niliyoyaona.

Hao wahitimu tulianza nao sisi. Vijana wenye vyeti vizuri, semina siku 5, haooo vijijini kufundisha akina mama kutunza vichanga. Ripoti zinakuja safi kabisa, majina, sahihi, picha. Siku moja nikaenda mwenyewe bila kumwambia mtu, nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa kwenye orodha ni dalili zipi akiziona kwa mtoto anamkimbiza hospitali, akanyamaza weee mwisho akasema, "Walikuja wale wageni, waliongea vizuri sana." Basi. Iliniuma, maana yule mama hana kosa na wala kijana hana kosa, sisi ofisini ndo tulikuwa tunahesabu vichwa vilivyohudhuria, hatuulizi kilichobaki ndani ya hivyo vichwa.

Baadaye nikasoma habari za BRAC, shirika la maendeleo la Bangladesh. Kuanzia 1980 walipita nyumba kwa nyumba kufundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru kwa mtoto anayeharisha, mpaka 1990 wameshafikia kaya zaidi ya milioni 12. Malipo ya mfundishaji yalifuata alichokumbuka mama, watu wengine walirudi baadaye kwa baadhi ya nyumba kuuliza. Na hata hivyo wakakuta mama anakumbuka vizuri ila hatumii, kumbe baadhi ya wafundishaji wenyewe hawaiamini ile dawa, wao wakiharisha wanameza vidonge! Ikabidi waanze kuwaelewesha wafanyakazi wao kwanza. Hapo ndo nilielewa kwamba mtu anaweza kujua somo lote na bado asiwe na ujuzi.

Tukabadilika. Tukaanza kuchukua watu wa vijiji vilevile hata kama hawakufika sekondari. Kule Jamkhed, India, madaktari Raj na Mabelle Arole walioanza mradi wao 1970 waliwafundisha wanawake wa kijijini, wengi hawajui kusoma, wakawa ndo wahudumu wa afya wa vijiji vyao, kwahiyo usiniambie haiwezekani. Ila angalia sana ndugu wa viongozi wa kijiji, watasukumwa kwako kila siku, sisi jina lazima litoke kwenye mkutano wa kijiji halafu mwezi wa majaribio. Na walipe! Kumfanyisha mtu maskini kazi ya bure ukaita kujitolea mimi siwezi kukubali.

Mafunzo nayo tukayakata vipande vidogo vidogo vya kila wiki, na msimamizi anaongozana na mtu wake nyumba hadi nyumba, anatazama, hamkatizi mbele ya mwenyeji, wakiwa njiani ndo wanaongea pale ulisahau hiki, pale ulimuuliza mama swali halafu ukajijibu mwenyewe. Msimamizi mmoja watu 8, wakizidi hapo msimamizi hawaoni vizuri. Bodi ililalamika ni gharama, nikawaonyesha bei ya zile semina.

Kuhusu kukimbiwa, kwa mshahara hamtawashinda mashirika makubwa, hilo sahau. Lakini waliotuacha wengi nilipowauliza walisema hawakuona watapanda kwenda wapi. Sasa wasimamizi wote wanatoka humohumo kwenye timu, na kila mmoja lazima awe anamfundisha mwenzake kazi yake, akiondoka nyumba zake hazikai hata wiki bila mtu.

Kabla hujaajiri yeyote chukua orodha yenu ya mafunzo ya mwisho, chagua majina 10 bila kupendelea, waendee uwaulize wanakumbuka nini. Majibu yao yaandike kama walivyosema, usiyapambe, halafu yasomeni pamoja na timu nzima.