Andika Ankara, Usingoje Mchango

Kwa miaka minne nimekuwa nikitunza programu huria ndogo, yaani ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuibadilisha bure, inayosoma jumbe za M-Pesa na kuziingiza kwenye daftari la chama cha kuweka akiba. Niliiandika kwa ajili ya chama cha mama yangu hapa Kondele, Kisumu, kwa kuwa mweka hazina wao alikuwa akikesha na kalamu kila mwisho wa mwezi. Nikaiweka mtandaoni, anayeitaka aichukue. Wakaichukua.

Mwaka wa pili, saa nne usiku, uliingia ujumbe kutoka kwa kampuni ambayo sikujua inaitumia. Maandishi ya jumbe yalikuwa yamebadilika kidogo, nukta moja tu imehama, na jumla za wateja wao zote zikawa zinasoma sifuri. Walitaka suluhisho kabla ya asubuhi. Nilinunua bando, nikakaa hadi saa tisa, nikarekebisha. Asubuhi wakaandika "asante". Nauli ya siku hiyo niliikopa kwa jirani.

Kitufe cha mchango nilikuwa nacho. Kwa miezi 14 kiliniletea shilingi 1,850. Wala sisemi watu ni wachoyo. Sisi huchangia harusi na matanga kwa sababu tunaalikwa kwa jina, kuna kamati, na daftari linapita mkononi. Kitufe hakimwiti mtu.

Hata wakubwa yamewapata. OpenSSL, programu huria, hulinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, lakini kabla ya hitilafu ya Heartbleed kutangazwa Aprili 2014, michango yake ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Baada ya hofu ile ndipo kampuni kubwa zikachanga mamilioni kupitia Linux Foundation, shirika linalosaidia programu huria.

Ruzuku nazo zipo. Ujerumani ilianzisha mfuko wa Sovereign Tech Fund mwaka 2022 ili kulipia hasa matunzo ya programu huria, kazi ambayo wafadhili wengi huikwepa wakitafuta kitu kipya cha kuzindua. Ila usiegemee mlango mmoja. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ulikua pamoja na fedha za huduma za Ukimwi. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, miradi mingi ya afya huku kwetu ilitikisika pamoja na mifumo yake.

Kilichonisaidia mimi ni karatasi. Niliiandikia kampuni ile barua fupi: programu itabaki bure kwa wote, mkitaka nijibu ndani ya saa 24 panapoharibika, ni mchango wa shilingi 12,000 kwa mwezi, mnalipa kabla. Wiki tatu kimya. Kisha akanipigia mhasibu wao, mtu mpole sana, akaniambia kwamba "mchango" hana pa kuuandika vitabuni, lakini "ada ya matengenezo" anayo safu yake. Nikabadilisha neno hilo moja, nikatuma ankara, wakalipa.

Basi kabla hujaomba, jua nani anaumia programu yako ikisimama. Huyo ndiye wa kuandikiwa, kwa jina, pamoja na bei. Na muandike kwenye makubaliano kwamba kila rekebisho litatolewa wazi kwa wote. Mimi hilo silijadili kabisa.

Chama cha mama hakilipi kitu, na hakitalipa. Kampuni hulipa tarehe tano, na ninachorekebisha kwa pesa yao hufika Kondele siku hiyo hiyo.