Kuzungukia wateja maofisini: salamu, WhatsApp na kudai pesa yako

Mkuu, umesema umepata kazi ya mauzo kwenye kampuni ya vifaa vya ofisi hapa Dar, wiki ijayo unaanza kuzungukia taasisi, na unataka kujua uvae nini na uongeeje usionekane mshamba. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, kwanza nimeajiriwa, sasa nina kiofisi changu. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Mavazi yasikuumize kichwa. Shati lililopigwa pasi, suruali ya kitambaa, viatu vya kufunika, basi. Suti kwenye jua la Posta ni kujitesa bure. Ila ofisi nyingi za serikali zimebandika mlangoni picha za mavazi yasiyoruhusiwa, zisome kabla mlinzi hajakusomea.

Ninachotaka ukishike ni hiki: mtu anayenunua kwako hayuko peke yake. Ana bosi juu yake, ana wenzake wanaomwangalia, na kuna mkaguzi atakayekuja baadaye kupekua mafaili. Usimwaibishe mbele ya hao, utadumu naye. Hata uwe na tai ya hariri, ukimwaibisha umeondoka.

Niliwahi kwenda kikaoni na mwenzangu, afisa ugavi wa mteja akamwambia mkurugenzi wake kwamba sisi ndio tuliochelewesha mzigo. Ukweli ni kwamba LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, ilikuwa imekaa mezani kwa afisa huyo muda mrefu kabla ya kutufikia. Mwenzangu akaitoa kwenye mkoba, akasoma tarehe kwa sauti, kikao kikawa kimya. Alikuwa sahihi asilimia mia. Oda tulikuja kuziona tena pale yule ofisa alipohamishwa. Pale ilitosha kusema "tutalifuatilia, mkurugenzi, mzigo uliobaki utafika Jumatano", halafu mkishatoka unamwonyesha ofisa karatasi mkiwa wawili. Angebaki na deni la fadhila kwako.

Salamu nazo zina hesabu yake. Mtu wa umri wa wazazi wako mpe shikamoo bila kujiuliza, awe mkurugenzi au mhudumu anayeleta chai. Tatizo ni wale wanaokupita miaka michache tu. Wengine, hasa akina dada wa mapokezi, shikamoo mbele ya wageni inawazeesha. Hao "habari za asubuhi, dada" inatosha. Mkiwa wengi wa rika mchanganyiko, sema "wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi", hakuna atakayenuna. Bosi akiwa mdogo kwako, usimtanie udogo wake. Muite kwa cheo. Injinia muite Injinia, Dokta muite Dokta, tena zaidi walio chini yake wakiwepo. "Mheshimiwa" waachie wabunge, madiwani na wakuu wa wilaya. Ukimwita hivyo afisa manunuzi atajua unamlamba miguu. Kwa mwanamke, hasa Mwislamu, subiri yeye akupe mkono kwanza. Asipotoa, weka wako kifuani, endelea na mazungumzo.

Na katibu muhtasi usimruke. Yeye ndiye anayejua barua yako iko faili gani. Mtajie jina lako, kampuni, unayemfuata na saa mliyopanga. Ukimpita na simu sikioni, bosi atakuwa "kikaoni" wiki nzima.

Miadi ithibitishe siku moja kabla, kwa saa ya kuandika kabisa: "saa 4:00 asubuhi". Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024 watu wanajiona wanaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, wanapanda treni bila kupiga simu, wanafika Mtumba, kwenye mji wa serikali, na kuambiwa ofisa kasafiri. Ijumaa usipange kitu saa saba mchana. Mwezi wa Ramadhani usimimine maji na kunywa mbele ya mwenyeji aliyefunga, hata akikukaribisha.

WhatsApp ndiko vijana wengi wanakoharibu. Unamwandikia mteja "mambo", halafu unasubiri akujibu ndipo useme shida yako. Andika yote mara moja: salamu, wewe ni nani, unataka nini. Profoma, yaani ankara ya awali yenye bei zako, itume kwa PDF. Picha uliyopiga mezani ina kivuli cha mkono wako, naye anatakiwa kuiambatanisha kwenye dokezo la bosi. Sauti za dakika tatu acha, mtu yuko kikaoni atazisikilizaje? Na usimbipu mteja, tafadhali.

Kuna siku ofisa atakuuliza "sasa sisi tunaishije?" Sheria ya rushwa ya 2007 inambana anayetoa sawa na anayepokea, kwa hiyo usijifanye hujaelewa halafu ukaahidi kwa macho. Mimi hujibu kwa utulivu: "Mzee, punguzo lote nimeshaliweka kwenye profoma, huko kwingine kampuni hainiruhusu." Sikaripii wala situmi ujumbe wa kumshtaki kwa mwenzake. Oda nyingine nimezikosa kwa jibu hilo, sawa tu. Kalenda na diari za mwisho wa mwaka peleka mapokezi, mchana kweupe.

Kudai ndiko adabu inakopimwa. Mhasibu hajakula pesa yako. Mara nyingi anasubiri karatasi. Kabla hujamsumbua hakikisha ana LPO, hati ya mapokezi iliyosainiwa, ankara na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Pesa ikiingia pungufu usipige kelele: ukiuza bidhaa serikalini hukatwa asilimia 2 ya kodi ya zuio, omba cheti chake. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, kwa hiyo ankara zako zifike mapema, si wiki ya mwisho ambapo kila msambazaji amepanga foleni mlangoni kwake.

Ujumbe wangu huwa hivi: "Habari za kazi, dada. Nakumbushia ankara yetu ya karatasi za mwezi Machi. Kama kuna hati imepungua niambie niilete leo." Mara nyingi kweli imepungua, na ananitajia ni ipi.