Kwa nini 1:3 si sawa na 3:5

Mzazi mwenzangu, umeuliza umsaidieje mwanao anayeshikilia kuwa uwiano wa 1:3 ni sawa na 3:5. Mantiki yake inaeleweka: ameongeza 2 kila upande, akaona ametenda haki pande zote.

Usianze na kanuni. Mpe kijiko na rangi za maji. Achanganye kijiko 1 cha nyekundu na 3 vya nyeupe, apate waridi hafifu. Arudie mchanganyiko huohuo mara mbili zaidi, vyote avimimine katika chombo kimoja, kisha ahesabu: nyekundu 3, nyeupe 9. Imeongezeka, lakini rangi ni ileile. Sasa achanganye 3 kwa 5 pembeni. Hiyo itakolea, naye ataiona kwa macho yake! Mwache aitazame kidogo kabla hujasema lolote.

Hapo ndipo mwulize: nyekundu 1 imekuwa 3, imezidishwa mara ngapi? Basi nyeupe nayo izidishwe mara hizohizo.

Kuzidisha kwa mkingamo, yaani kuzidisha namba ya kwanza ya kila uwiano kwa namba ya pili ya uwiano mwingine, kunaweza kusubiri. Ni njia nzuri ya kuhakiki (kwa 1:3 na 3:9, 1×9 na 3×3 zote ni 9; kwa 1:3 na 3:5, 1×5 ni 5 ilhali 3×3 ni 9), ila akiikariri mapema ataacha kufikiri.