Side wa kijiweni: soma kwanza kabla hujajaza kabati midoli

“Shikamoo mama. Naomba unishonee suruali.”

“Marahaba. Ya nani? Lete kipimo.”

Nikamsimamisha mdoli juu ya cherehani. Mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. “Mwanangu, una watoto wewe?” Ninao wawili. “Huu ni wa yupi kati yao?” Wangu mwenyewe. Alicheka mpaka wateja waliokuja na sare za shule wakasogea kuchungulia. Suruali alikataa kushona, akasema cherehani haigeuki kwenye mguu mwembamba kama kidole. Lakini alinipa bure mabaki ya kitambaa chepesi, na neno moja ninalolifuata hadi leo: usishone, bandika kwa gundi. Uzi wa kawaida kwenye nguo ya mdoli unaonekana mnene kama kamba ya kufungia mzigo.

Kuchekwa utachekwa, zoea mapema. Hata wenye biashara yao waliliogopa neno mdoli. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipotoa askari wake G.I. Joe, mwenye urefu wa kama sentimita 30, ilihofia wazazi hawatawanunulia wavulana mdoli, ikamtafutia jina jipya la kumwita. Mimi sijatafuta jina lingine. Ni midoli. Mke wangu anaiita “wapangaji wasiolipa kodi.”

Nilianza vibaya, kama wengi. Nilinunua kila shujaa niliyemwona akining'inia kwenye maduka ya Kariakoo, mpaka kabati likajaa watu 30 na zaidi, wote wamesimama wima kama foleni ya benki. Wengi walikuwa na viungo vitano tu: shingo, mabega mawili, nyonga mbili. Mdoli wa hivyo haukai, hauchuchumai, haushiki kitu. Baada ya miezi michache nilichoka kuwaangalia. Niligawa karibu wote, nikabaki na mmoja mwenye magoti, viwiko na vifundo vinavyokunjika, na huyo ndiye aliyenifundisha mchezo wenyewe: kumvisha, kumbadilisha sura na kumpiga picha kama mtu wa kweli.

Kwa hiyo ukiingia dukani, usitazame uso wala boksi. Tazama viungo. Muombe muuzaji akufungulie, mkunje goti, mzungushe kiwiko, msimamishe kwa mguu mmoja juu ya kaunta. Akianguka mara tatu mrudishe. Kwenye mitumba ya Karume pia wanapatikana, wakiwa wamechanganywa na magari mabovu na vichwa vya wanasesere. Unachambua taratibu kama unayechagua mchele. Mwenye mkono uliokatika asikukatishe tamaa, mkono utautoa kwa mwingine. Kuagiza nje nako kuna raha yake, ila kabla hujabonyeza kulipa, jumlisha nauli, ushuru na VAT ya asilimia 18, halafu jiulize tena.

Kipimo nacho kinakusaidia sana. Midoli mingi ya siku hizi ina urefu wa karibu sentimita 15, yaani mtu mzima amegawanywa kwa 12. Ukishaijua hiyo 12, nyumba nzima inageuka stoo ya vifaa. Kizibo cha soda kina upana wa karibu sentimita 3. Zidisha kwa 12 upate 36, hilo ni sinia la mama lishe. Kiberiti ni sanduku la nguo. Pikipiki za chuma zinazouzwa kwa watoto, zile zilizoandikwa 1:12, zinamtosha mdoli kama alizaliwa nazo. Hapo ndipo shujaa wangu, aliyekuja na joho na misuli ya kutisha, alipoacha kuokoa dunia. Akawa bodaboda. Jina lake Side.

Kumbadilisha kulinigharimu sura yake ya kwanza. Nilitaka kufuta barakoa iliyochorwa usoni, nikachukua dawa ya mke wangu ya kutolea rangi ya kucha. Rangi ilitoka. Pua nayo ikatoka. Dawa hiyo mara nyingi ina asetoni, na asetoni inayeyusha ABS, ile plastiki ngumu ya midoli. Ndani ya nusu dakika uso ulikuwa laini kama ubuyu uliomung'unywa. Siku hizi nakwangua kwa msasa laini na maji, polepole, nikisikiliza redio. Pua mpya niliitengeneza kwa epoksi ya kukanda, ile ya hadiwea ambayo mafundi bomba huzibia mabomba, nikaichonga kwa kijiti cha meno kabla haijakauka.

Rangi, tumia akriliki, ile ya maji. Osha mdoli kwa sabuni ya vyombo kwanza, ukaushe, kisha paka tabaka jembamba, subiri, paka jingine. Usishawishike na rangi ya kupuliza ya kupaka mageti. Plastiki laini ya PVC ina vilainishi ndani yake, vinagombana na rangi hizo, na mdoli unaweza kubaki unanata mwezi mzima huku unakusanya vumbi na nywele za paka. Penye kiungo, punguza plastiki kidogo kwa msasa kabla ya kupaka, la sivyo ukikunja goti mara mbili rangi yote inabanduka. Kiungo kilichogoma usikilazimishe. Kitumbukize kwenye maji ya moto, kitalainika chenyewe.

Maji ya moto ndiyo dawa pia ya miguu iliyopinda, na kwa joto letu itapinda. Nyoosha ikiwa ya moto, itie kwenye maji ya baridi, basi. Usimwache mdoli kwenye dashibodi ya gari mchana, hata dakika za kuingia dukani. Na hapa napingana na wale wanaosema usifungue boksi ili thamani isishuke. Vile vilainishi hutoka nje polepole kwa joto, na ndani ya boksi lisilopitisha hewa vinabaki juu ya ngozi ya mdoli, unakuta umeanza kunata. Fungua. Mweke penye hewa, mbali na jua la dirishani linaloweza kugeuza plastiki nyeupe kuwa njano.

Picha sasa. Simu inatosha. Kosa la kila anayeanza ni kupiga akiwa amesimama, mdoli uko chini kama uliodondoshwa na mtoto. Shuka mpaka macho yako yawe sawa na macho yake. Mimi naigeuza simu juu chini, lenzi iguse mchanga, na Side anakuwa mrefu kuliko minazi. Rudi nyuma kidogo, vuta kwa zumu mara mbili. Ukimkaribia mno, nyuma yake kote kunakuwa ukungu na jicho linajua mara moja kwamba kitu ni kidogo.

Mahali ninapopapenda ni Coco Beach alfajiri. Ufukwe unatazama mashariki, jua linatoka baharini kati ya saa 12 na saa 12 na nusu hivi, na una kama nusu saa ya mwanga mzuri kabla halijakuwa kali. Chagua siku ambayo maji yamekupwa saa hizo, miamba inakuwa wazi na kila kidimbwi ni ziwa. Ila maji usiyarushe. Tone halipungui kwa sababu mdoli ni mdogo. Kwake linaonekana kubwa kama embe. Vumbi ni afadhali, ukichekecha mchanga kwa chujio la chai. Moshi ndio unaodanganya kabisa: choma udi nyuma ya tairi, mpulizie taratibu, pikipiki inaonekana imetoka kasi. Nenda na mwenzako akuangalizie mgongo, maana ukilala kifudifudi umeshika simu, vibaka hawahitaji mwaliko.

Picha ya Side ninayojivunia niliipiga hivyo: kizibao cha njano kwa kile kitambaa cha mama, helmeti ameining'iniza kiwikoni kama wafanyavyo wenyewe, udi unapanda nyuma. Nikaipeleka kijiweni kwetu, nikampa simu bodaboda anayenibeba kila siku. Akaikuza kwa vidole viwili, akanyamaza muda mrefu.

“Kaka, huyu trafiki anamkamata. Hana saitimira.”

Jioni ile nilikuwa nakata karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, vipande viwili, kila kimoja kidogo kama ukucha wa mtoto.