KIA hadi Dar es Salaam ni mbali kiasi gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Tiketi yangu ya kutoka KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro) hadi Dar es Salaam inaonyesha saa moja na dakika kumi, nami nimeambiwa kuwa ndege hiyo ya pangaboi huenda kilomita 600 kwa saa. Je, umbali wake ni ule ule wa basi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Hapana, basi hupita Same, Korogwe na Chalinze, likamaliza zaidi ya kilomita 500 kutoka Moshi, ilhali angani, kwa mstari ulionyooka, KIA na Uwanja wa Julius Nyerere vimetengana kwa takribani kilomita 450. Kwa kasi uliyoitaja hizo ni dakika 45, lakini muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inaposimama tena, kwa hiyo ndani yake mna mwendo wa ardhini, kupaa taratibu, kupunguza kasi na pengine kuzunguka ikingoja zamu ya kutua.

Nakusihi pia usome vizuri jina la uwanja, kwa kuwa Uwanja wa Arusha uko Kisongo, magharibi ya mji, na KIA iko upande wa pili, katikati ya Arusha na Moshi.